Kigezo Kilichokaa Chini ya Meza

Mtaani kwake hakuna aliyemwita kwa jina lake la kuzaliwa. Alikuwa Mzee Puu, na jina hilo alijipa mwenyewe bila kujua. Kila alipomaliza kutengeneza treni ya mbao, kabla mwenye nayo hajaichukua, alikiweka kichwa cha treni kwenye kipande cha reli juu ya benchi lake la kazi, akakisukuma kwa kidole kimoja, akatoa mlio: "Puuu!" Mlio wenyewe ulimzidi kimo, maana alikuwa mtu mwembamba, mfupi, ambaye aproni ya kazi ilimzunguka mara mbili. Kichwa kikiteleza bila kuyumba, ruksa kuondoka. Kikiyumba, kinarudi kwenye msasa na mteja anarudi kesho. Treni ambayo haijapigiwa puu haikutoka karakanani, hata mteja awe nani. Kuna daktari mmoja aliyetaka kuondoka na treni ya mjukuu wake mbio mbio, akaambiwa akae kitako kwenye gogo asubiri kama wenzake, akakaa.

Kazi aliirithi kwa baba yake, seremala wa karakana ya reli enzi zile mabehewa yalipokuwa na viti vya mbao. Baba alirudi nyumbani mifuko imejaa vipande vilivyobaki kazini, na siku moja akachonga kutoka kipande kimoja treni nzima, kichwa na mabehewa vikiwa vimeng'ang'aniana, magurudumu yakiwa ya mpini wa ufagio uliokatwa, na uzi umefungwa puani. Treni hiyo haikujua reli ni nini. Ilikwenda popote alipokwenda anayeivuta, jikoni, uani, hata chooni, na Mzee Puu wa wakati huo, ambaye hakufika hata kwenye kitasa cha mlango, aliivuta mpaka magurudumu yakaota pembe.

Alipokua akawa fundi, alilikata wazo la baba yake vipande. Alitengeneza behewa moja moja, akayaunganisha kwa kulabu za waya. Kulabu zikachoma vidole, na akina mama wakamjia juu. Akabadilisha, akatia vitanzi vya kamba, kamba zikatafunwa. Mwishowe akapata sumaku, akajiona amemaliza dunia, mpaka jirani alipomletea mabehewa mawili yaliyokataana kabisa, ukilisogeza hili lile linakimbia. Kumbe sumaku nayo ina mbele na nyuma. Wiki nzima alisikika akizigombeza kama watu: "Si jana tu mlikuwa mnapendana nyinyi?"

Reli ndiyo iliyomtoa jasho kuliko vyote, na ndiyo iliyompa sifa. Ni ubao mfupi wenye mifuo miwili ya kupitishia magurudumu, upande mmoja una ulimi, upande wa pili una tundu. Ulimi wa kipande hiki unaingia kwenye tundu la kile, na mtoto anaweza kujenga njia kutoka kitandani hadi mlangoni. Ulimi ukinenepa kidogo hauingii, ukikonda kidogo unapwaya na treni inaanguka. Kwa hiyo alichonga kipande kimoja kwa mbao ngumu, akakisugua mpaka kikang'aa, akakiita kigezo. Kila reli ya karakanani ilikuwa ichorwe kwa penseli kufuata kigezo hicho. Siku alipokikamilisha alisimama mlangoni kifua mbele, akawatangazia wapita njia ahadi ambayo hakuacha kuirudia maisha yake yote:

"Kipande changu chochote kitashikana na kipande changu chochote! Nunua leo, ongeza mwakani, mjukuu wako aongeze nikiwa kaburini. Kisiposhikana, niiteni mwongo!"

Watu waliamini, wakanunua. Ikafika mahali kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa na boksi la reli chini ya kitanda.

Rangi ilikuwa kazi ya mkewe. Alipaka mabehewa kwenye meza ya jikoni, kijani chini, nyekundu juu, na katikati mstari mweupe mwembamba uliozunguka behewa zima. Mstari ule aliupiga kwa mkono mtupu, bila rula, huku amebana pumzi. Kwa desturi mwanamke huitwa kwa mtoto wake, mama fulani. Yeye hakubahatika mtoto, basi watu wakamwita Mama Treni, naye akaitika akicheka. Mumewe peke yake ndiye aliyemwita Bibie, na yeye akamwita mumewe Fundi, hata wakiwa wamenuniana.

Mara moja tu mtoto alikuja karibu. Bibie alipata mimba wakiwa wamekwisha kukata tamaa, na Mzee Puu aliacha kazi za watu zote, akaanza kutengeneza seti ya mwanawe. Hapo ndipo alipokuwa kichaa kabisa. Kila kipande alichomaliza alikiona hakijafaa, akachukua kingine, akakichora kufuata hicho hicho, akakirekebisha kidogo, akachukua kingine tena. Mabehewa na kichwa vilipokamilika, Bibie alivipaka buluu, rangi ambayo hakupata kumpakia mtu mwingine. Mimba ikaharibika. Kichwa cha treni kilikuwa bado juu ya benchi, hakijapigiwa puu. Bibie alikifunga pamoja na vingine kwenye kanga yake, akavitia kwenye boksi, akalipandisha juu ya kabati la nguo. Mzee Puu alikaa miaka akichonga milango na fremu za madirisha tu. Siku aliporudia treni, aliokota kipande kilichobaki benchini, akakitumia kuchorea, na hakuna aliyemuuliza kitu. Boksi halikushushwa wala halikutajwa. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yao ya kulia, na walilia hivyo muda mrefu sana.

Sasa macho ya Mzee Puu yamefifia na mikono imeanza kutetemeka, akakata shauri kufunga karakana. Mpwa wake, binti wa dada yake, alikuwa mwalimu mkuu wa chekechea iliyokuwa mwisho wa barabara yao, na aliposikia habari hiyo akaja na jambo.

"Mjomba, huwezi kufunga kimya kimya kama duka la sigara. Jumamosi nataka kila nyumba ilete boksi lake shuleni. Tutatandika reli zako zote, mstari mmoja, kuanzia getini, tuzunguke madarasa, mpaka kwenye ukumbi. Kisha treni yako ya mwisho ipite juu yake."

"Zote?" Mzee Puu aliuliza, na sura yake yote ikacheka.

"Zote. Si umetuimbia tangu tukiwa wadogo kwamba zinashikana?"

"Zinashikana kama pacha!" alisema, akaanza kuwatangazia majirani kabla mpwa wake hajafika hata kona.

Siku mbili tatu kabla ya Jumamosi hiyo, Bibie alisema meza yake ya rangi nayo iende shuleni, watoto waone mistari inavyopigwa. Waliishika, huyu huku na huyu kule, wakainyanyua. Mguu mmoja ulipoachana na sakafu, kitu kikabaki chini, cheusi, kimefunikwa na vumbi na matone ya rangi. Mzee Puu aliinama kukitupa. Alipokigeuza mkononi, akakisogeza kwenye mwanga.

Kilikuwa kigezo.

Akakumbuka yote kwa mpigo. Walikuwa vijana, hawajamaliza hata mwaka wa ndoa, na Bibie akilalamika kwamba meza inacheza na mstari wake unakwenda mrama. "Fundi gani wewe, meza ya mkeo inacheza ngoma?" Naye, kwa kuwa alikuwa na haraka na mkononi ameshika kigezo, akakichomeka chini ya mguu. Mara moja tu, kesho angechonga kabari. Aliporudi karakanani akachukua reli iliyokwisha tengenezwa, akachorea hiyo. Safari iliyofuata akachorea iliyotoka kwa hiyo. Kesho ya kabari haikufika, na yeye mwenyewe, aliyewafokea mafundi wengine kwamba usinakili nakala, alinakili nakala ya nakala umri wake wote. Penseli ina unene wake. Ukizungushia kitu mstari, unachokata ni kikubwa kidogo kuliko ulichozungushia, na tundu alilitanua kila mara lifuate ulimi.

Alikwenda karakanani, akachukua reli aliyoimaliza juzi, akajaribu kuingiza ulimi wake kwenye tundu la kigezo. Ulikataa. Akageuza, akatia ulimi wa kigezo kwenye tundu la reli. Ulicheza ndani kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba.

Siku ile hakula. Kesho yake alijilaza, akasema mgongo. Mpwa wake alipokuja kuuliza habari za Jumamosi, alimsikia mjomba wake akigumia kutoka chumbani kama mtu anayefukuzwa na mauti, naye akaondoka kwa ncha za vidole.

Bibie alimwacha agumie mpaka alipochoka, kisha akaingia na kikombe cha chai, akaketi kitandani.

"Mgongo wako umeanza lini kuumia kwenye uso?"

"Niache, Bibie."

"Tangu tubebe meza hukuniangalia. Ulichookota kiko wapi?"

Mzee Puu alikitoa chini ya mto. Alimweleza huku akitazama ukuta. Alisema mtaa mzima utakuja na maboksi, watatandika reli ya mwanzo na ya mwisho, hazitashikana, na kila mtu ataona kwamba yule mzee aliyepiga kelele mlangoni alikuwa mwongo. "Nimewauzia uongo mpaka wajukuu wao," alisema. "Mwambie mpwa wangu nimekufa."

"Nikimwambia umekufa ataleta watu wengi zaidi," Bibie alisema. Alikigeuza kigezo, akakifuta vumbi kwa upindo wa nguo. "Kwa hiyo mistari yangu yote iliyonyooka, ni hiki kilichokuwa kimeishikilia meza?"

"Ndicho."

"Miaka yote nimejisifu mkono wangu." Akacheka, na mumewe, pamoja na msiba aliokuwa nao, akajikuta mdomo umepinda kidogo. "Haya niambie. Reli ya mwaka huu na ya mwaka jana zinashikana?"

"Hizo zinashikana. Hii nimeichora kwa ile."

"Na ya mwaka jana na ya mwaka juzi?"

"Nazo pia. Bibie, shida si jirani na jirani. Shida ni za mbali."

"Sasa wewe umeambiwa zitandikwe ovyo ovyo? Zipange kwa umri. Aliyenunua mwanzo awe getini, aliyenunua juzi awe ukumbini. Kila mtu ashikane na aliyemtangulia. Mbona watu ndivyo tulivyo?"

Mzee Puu aliinuka akaketi. Kisha akaomba chakula.

Jumamosi palijaa. Watu wazima wenye mvi walikuja na maboksi kwapani, wengine wamekuja kutoka mitaa ya mbali walikohamia, na watoto walikuwa wameketi kwenye ukuta mfupi wa shule miguu ikining'inia. Mzee Puu alisimama getini na kigezo mkononi. Alikuwa amejiandalia maneno mengi, lakini yaliyotoka ni machache.

"Niliwaambia kila kipande kitashikana na kila kipande. Si kweli. Nilikosea, kigezo kilikuwa chini ya meza yangu mwenyewe, na mimi ndiye niliyekiweka. Tukizipanga kwa umri zitafika. Naomba radhi."

Fundi viatu, ambaye ndiye aliyekuwa mteja wake wa kwanza, akasema kwa sauti: "Yaani umetukusanya hapa kututajisha umri?" Watu wakaangua kicheko, na kazi ikaanza.

Haikuwa kazi nyepesi. Watu walikuwa wakiulizana kwa kelele nani alipata seti yake mwaka gani, nani alikuwa darasa moja na nani, nani alizaliwa kabla daraja halijajengwa. Mama mmoja mwenye saluni, ambaye kwa miaka mingi amekuwa na umri ule ule, alijipenyeza katikati ya vijana. Reli yake ikakataa. Akasogea kidogo kuelekea getini, ikakataa. Akasogea tena, watu wakimhesabia kwa makofi, mpaka alipofika kati ya mwalimu mstaafu na mke wa fundi viatu, na hapo ulimi ukaingia taratibu bila kelele. "Mzee Puu," alisema, "kumbe uongo wako ungetusaidia wengine." Hata mama huyo alicheka mpaka akaketi chini.

Njia ikarefuka. Ilitoka getini, ikapita chini ya bembea, ikakata kona ya darasa la kwanza. Mzee Puu alitembea pembeni yake, akiinama kila baada ya hatua kugusa maungio kwa kidole, na raha iliyomjaa moyoni ilikuwa inaonekana wazi, hakuificha. Aliwatambua watu kwa mbao zao. Huyu ni mwaka mbao zilikuwa mbichi. Huyu ni mwaka msumeno ulikuwa butu.

Walipofika mlangoni mwa darasa la pili, njia ikakatika.

Mpwa wake alikuwa amepiga magoti, ana kipande cha huku na kipande cha kule. Alijaribu, akajaribu tena. Ulimi ukagoma. "Hapa pana mtu hajaja," alisema. "Mjomba, hapa katikati ni nani aliyenunua?"

Watu wakatazamana. Mmoja alisema alikuwa na seti ya kabla ya hapo, mwingine akasema dada yake alinunua baadaye kidogo. Katikati hapakuwa na mtu. Mzee Puu alijua kabla hawajamaliza kuulizana. Miaka ile hakuuza reli hata moja. Kulikuwa na seti moja tu iliyotengenezwa, na kila kipande chake kilichorwa kwa kile kilichokitangulia.

"Hakuna aliyenunua," alisema, akitazama chini. "Tuache pengo. Treni ikifika hapa tutaibeba kwa mkono, tuiweke upande wa pili. Si neno."

"Si neno vipi, Mjomba, na tumebakisha kidogo tu?"

"Nimesema tuache!" alifoka, na watoto ukutani wakaacha kuning'iniza miguu.

Aligeuka kumtafuta Bibie, amwombe msamaha kwa macho, kwa sababu alijua na yeye amekwisha kuelewa. Hakuwapo. Meza yake ya rangi ilikuwa imesimama peke yake, brashi imelazwa juu ya kopo. Kupitia getini Mzee Puu aliona barabara nzima, na mwisho wake, mlango wa nyumba yao ukiwa wazi.

Bibie alirudi akitembea polepole, boksi kifuani, vumbi la juu ya kabati limempaka mikono. Watu wakampisha bila kuambiwa. Akapiga magoti kwenye pengo, akafungua kanga ile ya zamani, akaanza kutoa reli moja moja, nyeupe, hazijaguswa, hazina hata alama ya jino. Binti mdogo aliyekuwa karibu naye alichungulia ndani.

"Mama Treni, hii ya nani?"

"Ya mwanangu," Bibie alisema.

Hakuwahi kulisema neno hilo mbele ya mtu. Mzee Puu alilisikia, akaketi pale pale sakafuni kando yake kama mtoto. Bibie hakumtazama. Alimpa kipande cha kwanza. Yeye akakishika kwa mikono yake inayotetemeka, akashindwa kuulenga ulimi, na Bibie akaweka mkono wake juu ya wa kwake, wakausukuma pamoja. Ukaingia. Cha pili kikaingia, na cha tatu, kila kimoja kikishikwa na kilichokitangulia, na cha mwisho kikafika kwenye reli ya upande wa pili, kikakaa kana kwamba kilikuwa kikingojewa.

Mpwa wake alikuwa analia waziwazi, hana habari na kamasi. Akaja na treni mpya, ile ya mwisho, ya kijani na nyekundu. "Mjomba, haya, tuanze."

Lakini Mzee Puu alikuwa akitazama ndani ya boksi, kwenye kichwa cha treni cha buluu kilichobaki na mabehewa yake.

"Hiyo itafuata nyuma," alisema. "Huyu ndiye mkubwa wao."

Alikitoa, akakipangusa kwa kiganja, akainuka kwa kushikwa mkono, akakipeleka mpaka getini, kwenye reli ya fundi viatu, mwanzo kabisa wa njia. Watoto wote waliteremka ukutani wakamfuata. Alikiweka, akaweka kidole nyuma yake. Kila mtu alijua kinachofuata, na wote wakangoja. Yeye akamtafuta Bibie kwa macho, akamwona amesimama pale mlangoni mwa darasa la pili, mkono mmoja juu ya kifua, amebana pumzi kama mtu anayepiga mstari.

"Puuu!" alisema Mzee Puu, na kichwa kile kikateleza bila kuyumba, akakiruhusu kuondoka.